Kazi ya mnasihi kwa mtoto wa malezi ya kambo visiwani

Katika visiwa vya Ziwa Victoria kama vile Mfangano na Rusinga, wengi huamini kwamba mnasihi wa mtoto wa malezi ya kambo, yaani mtoto anayelelewa na familia isiyo yake, ni mfadhili, ambaye atalipa karo na hatimaye kumchukua mtoto akaishi naye Kisumu au Nairobi. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa wageni wengi wanaovuka kutoka mji wa Mbita ulio bara huja na misaada.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inatambua malezi ya kambo na malezi ya jamaa, lakini unasihi haumpi mtu haki ya kumlea mtoto wala kumhamisha. Kazi ya mnasihi ni kumsikiliza mtoto, kumwongoza katika masomo na kumwonyesha njia za maisha, naye akiendelea kukaa kwa mlezi wake. Kwa sababu hiyo mwalimu, fundi wa boti au muuguzi wa kisiwani, anayeonana na mtoto kila wiki, mara nyingi hufaa kuliko mgeni mkarimu anayefika mara moja kwa mwaka. Uhusiano unaokatika ghafla humwumiza mtoto ambaye tayari amewapoteza watu wake.

Mlezi mwenye shaka na aombe maelezo ya mpango wa unasihi kwa maandishi, kisha ayapeleke kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Mtu akitaka kuondoka na mtoto, na aonyeshe amri ya mahakama au idhini ya afisa huyo. Asipokuwa nayo, namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo.