Programu ya Mazoezi Haijui Kama Usiku wa Jana Ulivua Dagaa

Hivi karibuni kijana mwingine alinionyesha simu yake na kuniambia, "Kocha, akili mnemba imeshaupima mwili wangu." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno hapa Kigoma, nami siwezi tena kuinyamazia, kwa sababu inawaumiza vijana. Haijampima. Aliandika umri, uzito na urefu wake, ikamrudishia ratiba iliyojengwa juu ya wastani wa watu wengine.

Linalonikera zaidi ni mapigo ya moyo. Ratiba ilimtaka akimbie kwa asilimia 85 ya kiwango chake cha juu, na kiwango chenyewe kilipatikana kwa kutoa umri wake, miaka 20, katika 220: yaani 200, na lengo likawa mapigo 170 kwa dakika. Ukitumia kanuni nyingine inayojulikana, ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, unapata 194. Zote mbili ni makadirio ya wastani, na vijana wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 10, hata 20, wote wakiwa na afya njema. Yule ambaye moyo wake hufikia 182 tu, akilazimishwa kushika 170, anakimbia kwa asilimia 93 ya kiwango chake halisi, siku baada ya siku, huku akijilaumu kuwa mvivu kwa sababu anachoka. Kwa hiyo mimi huwasikiliza wakikimbia: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yupo kwenye nguvu ya wastani, na anayekatika pumzi baada ya maneno machache ameshaingia kwenye zoezi zito.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unatosha: kwa mtu mzima, dakika 150 hadi 300 za nguvu ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Kazi ya mikono nayo huhesabiwa, na hapo ndipo ratiba ya kijana huyu ilipoharibika. Yeye huvua dagaa kwa taa, hurudi mwaloni Kibirizi alfajiri akiwa amevuta wavu usiku kucha, na simu ilimtaka akimbie kilomita 8 saa kumi na mbili asubuhi. Wiki ya tatu alinijia akichechemea, kano iliyo chini ya pia ya goti ikimuuma kila nilipoibonyeza.

Nakiri kwamba hata kipimo changu cha mbio za dakika 12 kinanitia shaka, kwa kuwa hupima pumzi na uvumilivu wa maumivu kwa pamoja, nami sijapata njia ya kuvitenganisha.

Hata hivyo, akili mnemba siikatai. Goti lilipotulia tuliketi na simu ileile, tukaiandikia saa zake za kulala, uzito wa wavu, na kwamba mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, hivyo vyombo hubaki nchi kavu. Ikaipanga ratiba upya, na safari hii mbio ndefu zimewekwa kwenye siku za mwezi mpevu, anapolala usiku kama watu wengine.