Rob Roy MacGregor: ya filamu na ya kweli

Naipenda filamu ya Rob Roy ya mwaka 1995. Liam Neeson ndiye MacGregor wa milimani, na Tim Roth ni Archibald Cunningham, yule katili mwenye wigi na upanga mwembamba. Inayoniuma ni kwamba wengi huinuka kwenye kochi wakiamini wamesoma historia, kumbe mtu mwenyewe, ambaye maisha yake yana mengi kuliko filamu, wamempita hivihivi. Haya ndiyo wanayoniambia, na majibu yangu.

"Cunningham ndiye aliyeiba pauni 1,000 alizokopa Rob Roy."

Cunningham hakuwahi kuishi, ametungwa. Deni ndilo la kweli. Rob Roy, aliyezaliwa mwaka 1671 Glengyle, penye ncha ya ziwa Katrine, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Katika Nyanda za Juu za Uskoti ng'ombe walinunuliwa kwa mali kauli au kwa fedha za mkopo, wakaswagwa kwa miguu siku nyingi hadi minada ya kusini kama ule wa Crieff, na deni likalipwa baada ya kuuza. Aliyemkopesha ni James Graham, Duke wa Montrose. Fedha zikapotea, na masimulizi yaliyopokewa yanamtaja mswagaji wake mkuu, MacDonald, kuwa ndiye aliyetokomea nazo. Filamu imemfanya MacDonald huyohuyo rafiki mwaminifu anayeuawa usiku msituni.

Mabadiliko haya yana uzito. Yeyote aliyewahi kumkabidhi mtu wake fedha za mnadani anajua jinsi biashara inavyoweza kuanguka kwa siku moja bila upanga kuchomolewa. Mwaka 1712 Rob Roy alitangazwa mhalifu, kisha ardhi yake ikachukuliwa na familia ikafukuzwa nyumbani. Ubakaji ambao Cunningham anamfanyia mkewe Mary kwenye filamu nao umetungwa, kwa kuwa anayeutenda hakuwapo duniani.

"Alikuwa mfugaji mwadilifu, hakugusa mali ya mtu."

Filamu inaanza naye akiwafuatia wezi wa ng'ombe, na hapo imepatia. Isichokieleza vizuri ni namna kazi hiyo ilivyolipwa. Alikuwa na kundi la vijana wenye silaha, na wenye mifugo wa nyanda za chini walimtolea ada ya kila mwaka. Ukilipa, ng'ombe wako walilindwa, na wakiibwa walitafutwa hadi wapatikane. Usipolipa, ulijua mwenyewe kitakachokufika. Ada hiyo iliitwa black mail, na hilo neno la pili kwa Kiskoti cha kale ni kodi. Leo Kiingereza kinalitumia kwa mtu anayekutisha ili umpe fedha.

Simtaji hivi ili kumchafua. Serikali ilikuwa mbali na wizi wa mifugo ulikuwa wa kila msimu, hivyo ulinzi wa aina hii ulikuwa hitaji la kweli, hata kama mlinzi na mwizi wakati mwingine walitoka ukoo mmoja. Mwaka 1716 alimteka msimamizi wa mali za Montrose, John Graham wa Killearn, akiwa anakusanya kodi. Alichukua fedha, akamshikilia siku kadhaa, kisha akamwachia bila kumjeruhi. Kwenye filamu Killearn anauawa. Ya kweli ndiyo inayomjengea Rob Roy heshima zaidi.

"Alipigana na Waingereza."

Sisi Kiswahili chetu kinatuponza hapa, maana tunasema Uingereza kwa England na kwa ufalme mzima. Montrose alikuwa Mskoti. Duke wa Argyll, aliyemkingia kifua Rob Roy kwa sababu yeye na Montrose walikuwa mahasimu, naye alikuwa Mskoti. Ugomvi ulikuwa wa wenye ardhi wa nchi moja, na Rob Roy aliujua na kuutumia. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Campbell, na ndilo jina alilotumia kwenye hati, kwa sababu jina MacGregor lilipigwa marufuku mwaka 1603, likaruhusiwa 1661, likapigwa marufuku tena 1693.

"Alikuwa mpiganaji asiyeyumba."

Filamu inaanzia mwaka 1713 na haifiki uasi wa 1715. Kwenye vita vya Sheriffmuir, tarehe 13 Novemba mwaka huo, alikuwa upande wa waasi waliomtaka James Stuart awe mfalme, lakini yeye na watu wake walisimama kando wakitazama. Mwaka 1725 alimwandikia Jenerali Wade wa jeshi la serikali kuomba msamaha, akajitetea kwamba wakati wa uasi alikuwa akimpelekea Argyll, kamanda wa upande wa serikali, habari za waasi. Wapenzi wake wengi hawapendi kuisoma barua hiyo. Mimi naiona ni ya mtu wa miaka 54 mwenye familia, aliyechoka kuwindwa.

Mavazi, kwa kifupi: shuka kubwa la sufu lililokunjwa na kufungwa mkanda ni sahihi kwa wakati ule. Imani kwamba kila ukoo ulikuwa na mirabaraba yake rasmi ndiyo isiyo sahihi. Orodha za mirabaraba ya koo zilianza kukusanywa mwaka 1815.

Pambano la mwisho na Cunningham, kwa kuwa Cunningham hakuwapo, halikuwapo pia. Masimulizi ya kwao yanataja pambano moja la panga uzeeni, na hilo alishindwa. Alifia nyumbani kwake Inverlochlarig tarehe 28 Desemba 1734, akiwa na miaka 63, akazikwa Balquhidder. Kaburini pameandikwa: MacGregor, wapende wasipende. Siku anazikwa, jina hilo lilikuwa bado haramu kisheria, na likabaki hivyo hadi mwaka 1774.