Mafuta ya urithi Texas: wanavyosema watu, na ilivyo kweli

Kwetu, ukimwambia mtu kwamba marehemu bibi mkwe wake kamwachia gesi iliyo chini ya ardhi, atadhani unamtania. Tanzania, Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inaiweka petroli yote, yaani mafuta na gesi vilivyo ardhini, mikononi mwa Jamhuri ya Muungano. Mwenye shamba Mtwara hulipwa fidia ya ardhi na mazao yake, basi. Kenya nako Katiba ya 2010 inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Petroli ya 2019 ikaitengea kaunti 20% na jamii ya mahali 5% ya fungu la serikali. Mtu mmoja mmoja hana chake.

Texas, Oklahoma, Louisiana, North Dakota au Pennsylvania mambo ni mengine. Huko mtu binafsi anaweza kumiliki kilichomo chini, akakikodisha kwa kampuni, akakiuza au akawaachia watoto. Na kwa kuwa Waswahili wa Houston na Dallas wameoa na kuolewa huko, si ajabu urithi wa namna hiyo kumfikia mtu wa Tanga au Kisumu. Hapo ndipo maneno ya vijiweni yanapoanza kumponza.

"Shamba liliuzwa zamani, kwa hiyo hatuna kitu"

Si lazima. Huko uso wa ardhi na madini yaliyo chini yake (hapa tunasema mafuta na gesi) vinaweza kuwa na wenyewe wawili tofauti. Babu aliyeuza shamba mwaka 1950 huenda aliandika kwenye hati kwamba madini, au nusu yake, anabaki nayo. Sentensi moja katika daftari la kaunti ndiyo urithi wenyewe. Ndiyo maana unaweza kurithi madini bila kuwa na haki ya kujenga hata kibanda cha kuishi juu yake.

Wapo wanaosema haki isiyotumika hufa. Hilo hutegemea jimbo. Texas haina sheria ya kuyafuta madini kwa sababu tu yamelala. Ohio na North Dakota zinazo, na zinahesabu miaka 20. Louisiana ni kali zaidi: aliyeuza ardhi akabakiza haki ya madini huipoteza ikipita miaka 10 bila kutumiwa.

"Tuna ekari 40 zenye kisima, sisi ni matajiri"

Mwenye madini halipwi mafuta yote yanayotoka. Hulipwa mrabaha, yaani sehemu iliyoandikwa kwenye mkataba wa kukodisha. Mikataba ya zamani ilikuwa moja ya nane, 12.5%, ya siku hizi Texas mara nyingi ni 20% hadi 25%. Kampuni hubeba gharama za kuchimba na hubaki na sehemu kubwa.

Kisha ekari zako huunganishwa na za majirani kuwa eneo moja la kisima. Tuseme eneo lina ekari 640, bibi alikuwa na 40, mrabaha ni moja ya tano, na warithi mko wanne sawasawa. 40 gawanya kwa 640 ni 0.0625. Zidisha kwa 0.2, unapata 0.0125. Gawa kwa wanne: 0.003125. Desimali hiyo ndiyo wewe. Mwezi ambao eneo zima limeuza mafuta na gesi ya dola 500,000, fungu lako ni dola 1,562.50 kabla ya makato.

Kampuni itakuletea hati ya mgawanyo yenye desimali hiyo utie saini. Piga hesabu yako kwanza. Nashangaa jinsi watu wanavyohesabu chenji ya daladala kwa makini, lakini tarakimu sita za urithi wanazipitisha kwa macho.

"Hundi ya kwanza ndiyo kipimo"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi. Texas, kampuni inapewa siku 120 kutoka mwisho wa mwezi wa mauzo ya kwanza ndipo ianze kulipa. Kwa hiyo hundi ya kwanza mara nyingi hubeba miezi kadhaa kwa mpigo, tena miezi ambayo kisima kilikuwa na nguvu kuliko kitakavyokuwa tena. Visima vya miamba ya sheli (shale, miamba inayopasuliwa ili mafuta na gesi vitoke) hushuka haraka. Ni kawaida kupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji ndani ya mwaka mmoja. Mtu anachukua gari kwa mkopo akiitegemea hundi ile, na kufikia Krismasi inayofuata hundi haitoshi hata bima ya gari.

Bei nayo ina lake. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya pipa la mafuta ghafi ya Texas katika soko la mikataba ya kununua kwa siku za mbele ilifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Warithi hawakudaiwa pesa, lakini hundi za miezi ile zilikuwa nyembamba.

"Wananiibia, mbona wamekata?"

Pengine, lakini soma karatasi ya malipo kabla ya kulaumu. Texas hutoza kodi ya uzalishaji ya 4.6% kwa mafuta na 7.5% kwa gesi, na mwenye mrabaha hubeba sehemu yake. Kwa gesi huongezeka gharama za kuikusanya, kuishindilia, kuisafisha na kuisafirisha. Kama zinakatwa kwako au la, maneno ya mkataba ndiyo yanayoamua, na mkataba aliusaini bibi. Utafute.

"Wosia upo, pesa zitakuja zenyewe"

Wosia uliothibitishwa jimbo moja hauhamishi wenyewe madini ya jimbo lingine. Kampuni inataka kuona jina lako kwenye kumbukumbu za kaunti yalipo madini; isipoliona, pesa huzuiliwa. Zikikaa miaka 3 bila mwenyewe, Texas huzipokea kama mali isiyodaiwa. Hazipotei, mrithi anaweza kuzidai kwa mhasibu mkuu wa jimbo. Anza kutafuta jina la marehemu hapo, ni bure.

"Urithi hautozwi kodi"

Nusu kweli. Kuyapokea madini si kipato, lakini kila hundi ya mrabaha ni kipato. Afueni ipo: kwa kawaida mwenye mrabaha huruhusiwa kuondoa 15% ya mapato ghafi kabla ya kodi ya shirikisho, kwa kuwa kinachouzwa hakirudi ardhini. Ukiyauza madini yenyewe, faida huhesabiwa kuanzia thamani yake ya siku marehemu alipofariki, hivyo tathmini ya wakati ule ina pesa ndani yake.

Mrithi aliye Dar es Salaam au Mombasa, asiye raia wala mkazi wa Marekani, hukatwa 30% ya mrabaha ghafi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuipunguza. Anaweza kuchagua kutozwa kwa faida halisi badala yake, ila itabidi ajaze ritani kila mwaka.

"Wameandika barua kutaka kununua, lazima iwe bei nzuri"

Barua hizo hufuata kumbukumbu za kaunti. Jina likisajiliwa tu, zinaanza kuja. Mara nyingi anayeandika anajua jambo usilolijua, kwa mfano kibali kipya cha kuchimba karibu na ekari zako. Texas inadai hati ya mauzo inayotumwa kwa posta iwe na onyo la herufi kubwa kwamba ukiitia saini unauza. Wengine huambatanisha dradi, yaani agizo la malipo linaloonekana kama hundi, ambalo mnunuzi anaweza kukataa kulilipa wiki kadhaa baadaye. Ukiamua kuuza, hati yenye saini yako ikae kwa wakili hadi benki ithibitishe pesa zimeingia.