Ardhi kutetemeka sana sio kipimo cha lava

Hii imani ipo miaka na miaka, kwamba volkano ikilipuka we angalia tu mashine ya mitetemeko, mistari ikiruka sana basi lava inatoka kwa wingi, ikitulia basi imeisha. Sio hivyo jamani, na kuiamini ni hatari.

Chukua Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo (DRC), Mei 22, 2021. Lava ilitoka jioni bila dalili za wazi kabla, ikateremka kuelekea mji wa Goma, baada ya saa chache ikasimama. Matetemeko ndo yakazidi baada ya hapo, siku kadhaa, kuta zinapasuka na huko juu hakuna lava inayotiririka tena! Kilichokuwa kinatikisa ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado uko chini ya ardhi, inajipenyeza chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, inapasua mwamba ipate njia. Njia ikishafunguka, magma inaweza kupita kimyakimya tu.

Halafu kuna ule mtetemo mdogo usiokatika, huo mara nyingi unatokana na gesi, mapovu yanapanda na kupasuka ndani ya shimo la volkano, kwa hiyo gesi ikichachamaa mashine inapiga kelele hata kama lava haijaongezeka.

Uhusiano kati ya matetemeko na lava upo kweli. Kilauea, volkano ya Hawaii, 2018 kilele kilikuwa kinaporomoka na tetemeko la kama 5.3, halafu lava inaongezeka kwenye ufa ulioko kilomita kama 40 kutoka pale, ila hiyo ilijulikana kwa sababu watu waliupima mto wa lava wenyewe, kwa video za droni.