Uasidi wa aerojeli ya mwani: yanayodhaniwa na yanayoonyeshwa na infraredi

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba uasidi wa aerojeli (kitu kigumu chepesi chenye vitundu vingi vilivyojaa hewa) ya asidi ya alginiki, biopolima inayopatikana katika mwani wa kahawia, unaweza kujulikana kwa kuiloweka majini na kupima pH. Aerojeli ikilowa huvimba, na vitundu vilivyokusudiwa kuchunguzwa hubadilika umbo, ilhali aerojeli inapotumika kama kichocheo cha mmenyuko wa gesi, gesi hukutana na uso mkavu.

Wengine huamini kwamba infraredi, yaani kupima mwanga wa infraredi unaofyonzwa na molekuli, huonyesha uasidi moja kwa moja. Ni kweli kwamba kundi la kaboksili (–COOH, sehemu ya molekuli yenye asidi) huonekana wazi kama mkanda wa ufyonzaji karibu na 1,740 cm⁻¹, lakini mkanda huo huthibitisha tu kwamba kundi lipo; hauelezi kama molekuli kutoka nje inaweza kulifikia, wala kama liko tayari kuachia protoni. Ndiyo maana amonia, ambayo ni besi yenye molekuli ndogo, huingizwa katika chumba kilichoondolewa hewa, na spektra huchukuliwa kabla na baada. Protoni inapohamia kwenye amonia, mkanda wa 1,740 hupungua, wa kaboksilati (kaboksili iliyopoteza protoni) hukua karibu na 1,600, na ioni ya amoniamu hujitokeza karibu na 1,450. Sehemu ya mkanda wa kwanza isiyopungua nayo ina habari zake: makundi hayo hayakufikiwa, au hayakutoa protoni.

Mwani unaolimwa Zanzibar usichanganywe na huu wa kahawia. Ule ni mwekundu na hutoa karajinani, yenye salfati badala ya kaboksili.

Alginati ya kalsiamu, chumvi ya asidi ya alginiki, nayo hudhaniwa kuwa haina uasidi wowote. Uasidi wa Brønsted, yaani wa kutoa protoni, ndio uliopungua. Ioni ya kalsiamu bado hupokea jozi ya elektroni za amonia, na huo ni uasidi wa Lewis.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa kuliko yote ni kuazima utaratibu wa zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana), ambazo hupashwa joto la takriban 400 °C ili kuondoa maji. Alginati huanza kuvunjika karibu na 200 °C, hivyo hukaushwa katika ombwe kwa joto la wastani, na maji yanayosalia huacha mkanda karibu na 1,640, jirani kabisa na ule wa kaboksilati, kiasi kwamba asiyekuwa mwangalifu huweza kuhesabu maji kama chumvi ya amoniamu.