Bei ya nyumba mtandaoni si bei ya kuuzia

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba ukiandika mtaa na idadi ya vyumba kwenye tovuti, unapata bei halisi ya nyumba yako. Si kweli. Hapa Tanzania kiasi kilicholipwa hubaki kwenye mkataba wa mauziano. Tovuti nyingi hutegemea bei wanazotaja madalali, kabla mnunuzi hajaomba apunguziwe. Namba ikitokea kwenye skrini, watu huiona ya kitaalamu. Lakini haijui kama nyumba ya Mbezi ina hati miliki au leseni ya makazi tu, yaani kibali cha muda cha kukaa kwenye eneo lisilopangwa, wala kama gari linafika mlangoni wakati wa masika. Mthamini aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, huja na futi, hukagua karatasi na nyufa. Waulize pia majirani waliouza karibuni. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo: kuna mjane anayeuza nyumba ya urithi atakayeuamini.