Sepia si chai ya kumwagia picha

Wiki hii nimeletewa tena skani ya negativu ya nyeusi na nyeupe, na agizo la mstari mmoja: "Ifanye sepia, iwe kahawia yote." Hiyo "yote" ndiyo inayonichosha.

Vichujio vya simu vimewazoesha watu hivyo, kwa sababu hupaka kila pikseli kahawia, nyeupe kwa nyeusi. Chumba cha giza, mahali pa kuchapia picha za filamu kwa dawa, hakikufanya kazi namna hiyo. Dawa ya toni, yaani ya kubadili rangi ya picha, haipaki karatasi, inaishughulikia fedha, ile metali iliyojenga picha. Kwanza potasiamu ferisianidi na bromidi huifubaza ile fedha, kisha sulfidi huigeuza kuwa sulfidi ya fedha, na hiyo ndiyo yenye rangi ya kahawia. Pasipo na fedha hapana cha kugeuka, kwa hiyo weupe hubaki ule wa karatasi yenyewe. Tena dawa ya kufubaza huanza kula sehemu zenye mwanga. Picha ikitolewa mapema kwenye dawa hiyo, vivuli vizito hubaki vyeusi.

Skani yenyewe ni ya mwanamume aliyevaa shati jeupe. Mteja alikuwa amejaribu mwenyewe: shati, kola, hata kinukta cha mwanga ndani ya jicho, vyote rangi ya chai, na uso umefifia. Nilianza upya. Nikaacha weupe palepale pa 255, kilele cha kipimo cha mwanga kinachoanzia sifuri, nikashusha chaneli ya bluu kidogo kwenye toni za kati na za juu, kisha nikafifisha rangi kadiri vivuli vinavyozidi. Kola ikajitenga na shingo, jicho likapata uhai. Kama unapenda weupe wa maziwa, huo ni wa karatasi. Uweke kwenye tabaka lake, mwepesi sana, wala usiuite toni.

Wengine huiga seleni, dawa nyingine ya toni, kwa kutia zambarau mawinguni. Ni kinyume kabisa. Seleni huanzia kwenye vivuli, huongeza kina cha weusi, na kwenye karatasi nyingine rangi haibadiliki ila kidogo mno. Ukiiona zambarau mara tu unapofungua faili, umezidisha. Mimi hupunguza nusu, halafu nusu tena.

Wapo pia wanaosema, "Nyeusi lazima iwe sifuri." Hapana. Karatasi nzuri ya fedha ina weusi wa juu kabisa wa densiti (kipimo cha weusi) ya 2.1 hivi, maana yake bado inarudisha karibu asilimia 1 ya mwanga. Kwa picha ya kutazamwa kwenye skrini, pandisha nyeusi hadi karibu na 20. Ikiwa utaichapisha, iache, karatasi itaipandisha yenyewe.

Kuongeza punje, zile chembechembe za picha za filamu? Filamu tayari inazo, na ulishaziskani.

Kuna pia wanaoskani negativu kwa rangi wakidhani ule ujivu au uzambarau wa filamu ni toni. Ni rangi ya filamu yenyewe tu. Iondoe kwanza, ndipo uhamie RGB (hali ya rangi ya nyekundu, kijani na bluu) utie toni yako.

La mwisho ni la wanaoamini kuwa toni huilinda picha. Kwenye karatasi ni kweli: sulfidi ya fedha huhimili hewa chafu kuliko fedha tupu. Faili haipati ulinzi wowote kwa kuwa ya kahawia. Hifadhi skani isiyo na toni, ya biti 16, kwenye diski mbili tofauti, na toni iishi kwenye nakala.